Sadaka Isiyoingia Kapuni: Ujuzi wa Waumini na Mazingira ya Migori na Homa Bay

Harambee ya kanisa katika Nyanza Kusini huenda kwa utaratibu ambao kila muumini anaujua. Mgeni wa heshima hutambulishwa kwa cheo chake, hutoa salamu za familia yake, kisha hutangaza alichokuja nacho pamoja na walichotuma marafiki zake. Makofi hupigwa, mabati hununuliwa, kwaya hupata sare mpya. Mgeni huyo huenda ni mhandisi wa maji aliyestaafu, au profesa wa samaki, au wakili wa mashauri ya ardhi, au ofisa wa misitu aliyewahi kusimamia mkoa mzima. Hakuna anayemuuliza habari za kazi hiyo. Anaombwa pesa, anatoa pesa, anakula chakula cha mchana na wazee wa kanisa, anarudi Nairobi. Na mvua ya jioni hiyo inachota udongo wa shamba la kanisa, inauteremsha mtoni, na mto unaupeleka ziwani.

Makanisa ya Migori na Homa Bay yamekuwa yakiwaomba waumini wao mashuhuri kitu kidogo kuliko walichonacho. Yameomba mifuko yao na kuacha vichwa vyao. Katika mambo ya ardhi, maji, misitu na samaki, kosa hili lina gharama inayoonekana kwa macho.

Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa michango ambayo Rais William Ruto na wanasiasa wengine walikuwa wameitoa katika kanisa Katoliki la Soweto, akaagiza irudishwe. Nchi nzima ilizungumza. Watu wa ziwani walikuwa na sababu yao ya kusikiliza kwa makini, maana Anyolo alikuwa askofu wa Homa Bay tangu 2003 hadi 2018, katika jimbo lililoundwa mwaka 1993 na ambalo eneo lake linachukua kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori. Mjadala ulihusu siasa na heshima ya madhabahu. Ulipotulia, swali moja lilibaki bila kuulizwa sana: ikiwa mtu mashuhuri amezuiwa kuleta bahasha, alete nini?

Kuna shirika moja ambalo limelijibu swali hilo kwa miaka zaidi ya arobaini, na lina tawi hapa Kenya. A Rocha ilianzishwa mwaka 1983 na mchungaji Mwanglikana wa Uingereza, Peter Harris, pamoja na mkewe Miranda, kwenye mlango wa mto huko Alvor, kusini mwa Ureno. Walianza kwa kuhesabu ndege, kuwavisha pete miguuni na kuandika walichokiona, huku nyumba yao ikipokea wageni na kufanya ibada. Ilikuwa kazi ndogo, mbali na kila kituo cha mamlaka. Iliyoikuza ni namna watu wenye majina makubwa walivyokubali kuihudumia kwa yale waliyoyajua.

John Stott, padri wa kanisa la All Souls jijini London na mmoja wa waandishi wakuu wa Agano la Lausanne la mwaka 1974, alikuwa mpenzi wa ndege tangu utotoni, na alilisimamia shirika hili kwa jina lake na kwa mafundisho yake hadi alipofariki mwaka 2011. Sir Ghillean Prance, mtaalamu wa mimea ya Amazon aliyeongoza bustani ya Kew kuanzia 1988 hadi 1999, akaja kuwa miongoni mwa viongozi wake. Simon Stuart, ambaye akiwa kijana alifanya utafiti wa ndege wa misitu ya milima ya Usambara nchini Tanzania, na baadaye akawa mwenyekiti wa tume ya kimataifa ya uhai wa spishi kuanzia 2008 hadi 2016, aliishia kuwa mkurugenzi mtendaji wa A Rocha ya kimataifa.

Watu hawa hawakutoa kitu kimoja, na ni muhimu kuvitenganisha vitu walivyotoa. Stott alitoa ruhusa. Mkristo wa kiinjili aliyekuwa akiona aibu kusema kwamba anapenda ndege, au aliyeogopa kuambiwa ameacha kuhubiri Injili, alipata mwalimu anayeheshimika wa kumtegemea. Stuart na Prance walitoa kipimo: walijua jinsi orodha ya viumbe vilivyo hatarini inavyotengenezwa, jinsi mmea unavyotambuliwa, na hasa jinsi ya kukataa hitimisho ambalo data haiwezi kulibeba. Ruhusa bila kipimo huzaa mahubiri mazuri na miche inayokauka Februari. Kipimo bila ruhusa huzaa ripoti ambayo hakuna mchungaji atakayeisoma.

Mtu aliyeunganisha yote mawili kwa nguvu kuliko wengine alikuwa Sir John Houghton, mwanafizikia wa Wales aliyeongoza kazi ya kisayansi ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, tangu 1988 hadi 2002. Houghton alikuwa Mkristo asiyeficha imani yake. Mwaka 2002, kwenye mkutano uliofanyika Oxford, alikaa na viongozi wa kiinjili kutoka Marekani akawaeleza takwimu zilezile ambazo wengi wao walikuwa wamezikataa ziliposemwa na wengine. Mmoja wao, Richard Cizik, alitoka pale akiwa mtu mwingine, na mwaka 2006 viongozi 86 wa kiinjili wa Marekani walitia saini tamko kuhusu tabianchi. Jina la Cizik, hata hivyo, halikuwamo, kwa kuwa chama cha makanisa alichokitumikia kilimzuia, na makanisa mengi ya nchi hiyo yakaendelea na mashaka yao kama zamani. Kwa hiyo mtaalamu mashuhuri anaweza kuwageuza viongozi walio mezani pake. Kinachofuata kinaamuliwa na mchungaji wa kawaida, Jumapili ya kawaida, mbele ya watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Houghton.

Kenya ilipata A Rocha yake mwaka 1999, na makao yake ya utafiti yako Watamu, kaunti ya Kilifi, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba 420 hivi. Hapo kulikuwa na tatizo ambalo hakuna profesa angelitatua kwa mhadhara. Wanavijiji wanaopakana na msitu waliona miti ikilindwa kwa ajili ya ndege na wageni, huku watoto wao wakikaa nyumbani kwa kukosa karo ya sekondari. Mwaka 2001 A Rocha ilianzisha mpango wa kulipa sehemu ya karo za watoto wa familia zinazoishi kando ya msitu na hori ya Mida, ukitegemea kwa kiasi fulani ada za wageni wanaokuja kutazama mikoko na ndege. Wazazi nao walihusishwa katika kuutunza msitu. Ghafla bundi wa Sokoke alikuwa na uhusiano na daftari la mtoto.

Kazi ya kipimo haikuachwa. Kwera wa Clarke, ndege mdogo wa rangi ya njano na nyeusi ambaye duniani kote anapatikana kaunti ya Kilifi peke yake, alijulikana na wanasayansi kwa muda mrefu bila yeyote kuweza kuonyesha anakotaga. Mwaka 2013 watafiti wa A Rocha pamoja na wahifadhi wa kijijini walimkuta akijenga viota kwenye kinamasi cha msitu wa Dakatcha. Ugunduzi huo ulibadilisha hoja nzima ya kuilinda Dakatcha, kwa sababu sasa mtu angeweza kunyoosha kidole na kusema ni hapa. Wanakijiji walioijua ile misitu kwa miguu walikuwa sehemu ya jibu tangu mwanzo, na ndiyo maana jibu lilipatikana.

Basi tuje ziwani.

Kaunti hizi mbili zinabeba matatizo ya mazingira ambayo kila moja lingetosha kumfanya mtaalamu ahamie. Nyatike, upande wa Migori, kuna dhahabu. Mgodi wa Macalder ulichimbwa na kampuni tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na baada yake wachimbaji wadogo wameendelea kwa nyundo, taa za kichwani na kamba, katika maeneo kama Osiri na Masara. Mawe hupondwa kwenye karasha, husagwa, huoshwa, kisha zebaki humwagwa ndani ya beseni na kukorogwa kwa mkono mtupu ili iikamate dhahabu. Mchanganyiko huchomwa juu ya moto wa wazi. Moshi wake ni sumu, na zebaki inayobaki kwenye maji huingia mtoni, hugeuzwa na vijidudu vya tope kuwa aina inayokaa ndani ya nyama ya samaki, na hupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa hadi sahanini. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, maana ubongo wake ndio unaojengwa. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, unataka nchi zipunguze zebaki hii, na inapowezekana ziikomeshe. Mkataba haufiki kwenye beseni wenyewe. Wanawake wanaoosha mchanga Nyatike wanamsikiliza katekista kuliko wanavyomsikiliza ofisa wa mazingira, na wengi wao wako kanisani kila juma.

Mto Kuja unashuka kutoka nyanda za juu za Kisii, unaungana na mto Migori, unamwaga maji Nyatike, na mara kwa mara hufurika na kuwahamisha watu wa chini. Unacholeta ni udongo wa mashamba ya juu. Udongo huo, pamoja na mbolea na maji taka ya miji, umelisha magugu maji ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakija na kuondoka katika ghuba, yakifunga gati la Homa Bay na kuwazuia wavuvi. Milima ya Gwassi na Homa imepoteza miti mingi kwa makaa na kuni. Na katikati ya bonde la Lambwe kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, makao ya mwisho ya swala aina ya korongo nchini Kenya. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwapata 15. Nalitaja jambo hili kwa uchungu, kwa sababu wako watu wengi waliozaliwa umbali wa baiskeli kutoka Ruma ambao hawajui kwamba mnyama huyo yupo, na hakuna mimbari iliyowaambia.

Wapo watakaosema kazi ya kanisa ni roho, na kwamba mambo ya udongo yana wizara yake. Historia ya Nyanza Kusini yenyewe inawajibu. Wamisionari wa Kiadventista walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen, walifuatiwa na shule, mashine ya kuchapa na hospitali. Hospitali ya Kendu ipo mpaka leo, na nyumba ya uchapishaji ya Africa Herald pia. Wakatoliki walijenga Asumbi na shule zake, hospitali ya Ombo mjini Migori, na Mtakatifu Camillus huko Karungu. Hakuna muumini wa Kendu anayesimama kuuliza kama upasuaji ni kazi ya kanisa. Kanisa lilikubali zamani kwamba daktari ni mtumishi, likampa jengo, likampa mshahara, likamwombea. Mwalimu vivyo hivyo. Mtaalamu wa misitu hakuwahi kupewa chumba. Mtu wa udongo hana kiti. Wakati hospitali za misheni zilipojengwa, msitu ulionekana hauna mwisho na samaki walijaa nyavuni. Haja ya daktari wa ardhi haikuonekana. Leo inaonekana, na mpangilio wa ofisi za kanisa haujabadilika.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: ujuzi wenyewe unaweza kudhuru. Mwanzoni mwa karne hii, Wakristo wawili kutoka jimbo lilelile la Oklahoma nchini Marekani walikuwa wakifanya kazi Afrika Mashariki kwa imani na kwa ujuzi wa biashara. Calvin Burgess, kupitia kampuni yake ya Dominion, alikodi hekta 6,900 hivi za kinamasi cha Yala, jirani yetu kule Siaya, ili kulima mpunga na kufuga samaki. Alikuwa na trekta, mitaji, wahandisi na imani isiyofichwa kwamba anafanya kazi ya Mungu. Alijenga mitaro na mabwawa. Wakazi wakalalamika kwamba maji yanafunika mashamba yao, kwamba malisho yamefungwa, kwamba dawa zinamwagwa, kwamba makubaliano yalifanywa na mabaraza ya wilaya juu ya vichwa vyao. Kesi na mivutano iliendelea kwa miaka mingi, na mwishowe kampuni ikaondoka, huku mafunjo, yaliyokuwa yakichuja maji kabla hayajaingia ziwani, yakiwa yamepungua.

Wa pili ni Ben Henneke wa Tulsa, ambaye pamoja na mkewe Vannesa walikutana na watu wa Kanisa la Kianglikana huko Mpwapwa, Tanzania. Kutokana na mazungumzo hayo, mwaka 1999 ulizaliwa mpango unaojulikana kama TIST, wa vikundi vidogo vya wakulima wanaopanda miti kwenye ardhi yao na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa. Mwaka 2004 ulivuka kuja Kenya. Henneke alikuwa anajua soko la hewa safi. Wakulima walijua wanaweza kupanda nini na wapi. Kila mti ulihesabiwa na vijana wa vijijini waliofunzwa kazi hiyo, na hesabu iliwekwa wazi ili yeyote aweze kuipinga. Malipo ya awali ni madogo, senti 2 za dola kwa kila mti kwa mwaka, na wakulima wengi wamelalamika juu ya hilo kwa haki. Lakini mti ni wao, shamba ni lao, na mtaalamu akienda zake mti unabaki umesimama.

Watu wawili, nchi moja, imani moja, miaka ileile. Nimejiuliza sana tofauti yao iko wapi, na sioni kwamba iko kwenye wema wa moyo. Sina sababu ya kumhukumu yeyote kwa hilo. Tofauti iko kwenye nani anaweza kusema hapana. Yala, mwenye ujuzi alikuwa pia mwenye ukodishaji, mwenye mitambo na mwenye uamuzi. Mpwapwa, ujuzi uliwekwa mikononi mwa watu ambao wangeweza kuukataa, na kikundi kisichotaka kilijitoa. Msikitini, kanisani au kwenye baraza la chifu, hicho ndicho kipimo cha kwanza ambacho ningemwekea mtaalamu yeyote mashuhuri anayekuja kusaidia: je, wanaosaidiwa wanaweza kumrudisha?

Ethiopia inaonyesha upande mwingine. Katika Gondar Kusini, misitu ya asili iliyobaki ni ile inayozunguka makanisa ya Kiorthodoksi, vipande vidogo vya kijani katikati ya mashamba, vilivyolindwa kwa karne nyingi kwa sababu kanisa linahitaji kivuli kama Edeni. Alemayehu Wassie, mtaalamu wa misitu aliyezaliwa upande huo, aliifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu, kisha akashirikiana na Margaret Lowman, mwanabiolojia wa Marekani anayesifika kwa utafiti wa vilele vya miti. Waliwaonyesha mapadri picha za angani, na mapadri wakaona wenyewe jinsi misitu yao inavyokonda kutoka pembeni. Mapadri ndio waliopendekeza ukuta. Mawe yaliondolewa mashambani, ambako yaliwasumbua wakulima, yakapangwa kuzunguka msitu ili ng'ombe wasiingie kula miche. Mtaalamu alileta picha. Suluhisho lilitoka kwa wenye msitu.

Sisi hatukosi wenye msitu wa namna hiyo. Got Kwer, huko Suna, Migori, ni mahali patakatifu kwa waumini wa Legio Maria, kanisa lililokua miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto. Mahujaji hupanda kilima hicho kwa maelfu. Makanisa ya Roho yanasali kando ya mito na juu ya vilima. Mjadala wa mazingira wa kikristo nchini Kenya huendeshwa zaidi na makanisa makubwa yenye ofisi Nairobi, ambayo hayawaulizi watu hawa, ilhali ni wao walio na kilima chenyewe. Kama ningekuwa mtaalamu wa mimea wa Rongo, ningeanza Got Kwer kabla ya kuandika barua kwa askofu yeyote.

Na wataalamu wapo. Mbita kuna kituo cha ICIPE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa wadudu ambaye jina lake limepewa kampasi hiyo. Ni hapo ndipo ilipoendelezwa mbinu ya kusukuma na kuvuta, ambayo mkulima wa Homa Bay anaijua kwa faida yake: desmodiamu ikipandwa katikati ya mahindi huua gugu la kayongo udongoni na kuwafukuza nondo wa viwavi vya bua, na majani ya nepia yaliyopandwa pembezoni huwavuta nondo hao watage huko. Udongo unafunikwa, ng'ombe anapata lishe, na mvua haichukui shamba. Kuna Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay. Kuna walimu wa kilimo, maofisa wa uvuvi, wauguzi wanaojua dalili za sumu ya zebaki, wanasheria wanaojua sheria ya ardhi ya jamii. Idadi kubwa ya watu hawa huimba kwaya.

Kenya pia imekuwa na wanateolojia waliolifikiria jambo hili mapema. Profesa Jesse Mugambi wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika juu ya Mungu, binadamu na maumbile tangu miaka ya 1980, na alishiriki kwa miaka mingi katika kazi ya tabianchi ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Wangari Maathai, aliyesomeshwa na watawa na kuanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alirudi mara nyingi kwenye maandiko kueleza kazi yake. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba imani na sayansi ya mazingira vimeletwa na ndege kutoka London. Papa Fransisko alipotoa waraka wake wa Laudato Si' mwaka 2015, na Novemba mwaka huohuo akazungumza katika ofisi za Umoja wa Mataifa Gigiri, alikuwa akisema mambo ambayo Wakenya walikuwa wameyasema kwa jasho.

Kinachotisha makanisa, nadhani, ni kwamba mtaalamu wa kweli hasemi tu ya kufurahisha. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Hebu fikiria kanisa ambalo mtaalamu wake analiambia kwamba mikaratusi waliyoipanda kando ya chemchemi, na ambayo walitarajia kuiuza ili kumaliza jengo la mchungaji, lazima ikatwe. Au parokia iliyo katikati ya machimbo, ambayo sadaka yake inatoka machimboni, inaambiwa isimamie kidete juu ya zebaki, na kwamba hatua ya kwanza ni kununua vyombo vya chuma vilivyofungwa vinavyonasa mvuke, kisha kufundisha njia za kuosha dhahabu bila zebaki kabisa. Mgeni wa harambee hawezi kusema hivyo, kwa kuwa amekuja kupendwa.

Tumeona pia jinsi jukwaa la kanisa linavyoweza kutumika kinyume. Julai 2023, katika ibada ya pamoja huko Molo, Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu 2018. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani. Miezi minne baadaye, serikali hiyohiyo ikatangaza Novemba 13 kuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, na makanisa yakajitokeza na majembe. Kanisa lenye mtaalamu wake mwenyewe lingeweza kuuliza, pale pale Molo, ni msitu upi, ni miti ya umri gani, nani amehesabu.

Sheria za Kanisa Katoliki zina mfano ambao ungeweza kufuatwa bila kusubiri mfadhili. Kanuni ya 492 inaagiza kila jimbo liwe na baraza la fedha lenye waumini wasiopungua watatu, wajuzi wa kweli wa mambo ya fedha na sheria za nchi, wenye uadilifu, wanaoteuliwa kwa miaka mitano. Askofu hawezi kuamua mambo makubwa ya mali bila kuwasikia. Hakuna anayeona ni ajabu kwamba mhasibu ana sauti rasmi katika nyumba ya askofu. Jimbo la Homa Bay lina ardhi ya shule, ya misheni na ya hospitali katika kaunti mbili, na maji ya Migori na samaki wa Homa Bay viko chini ya fimbo moja ya kichungaji. Makanisa mengine yana mabaraza yao ya wazee, sinodi na konferensi ambazo zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kura moja.

Watu watatu wangetosha kuanza: mmoja wa maji, mmoja wa udongo na miti, mmoja wa afya anayeielewa zebaki, angalau mmoja wao mwanamke anayeishi Nyatike. Wateuliwe kwa miaka mitano, wasiombwe mchango wowote, na ripoti yao isomwe kwa Kiswahili na Dholuo mbele ya waumini kila mwaka, pamoja na hesabu za fedha. Waumini wapewe nafasi ya kuihoji. Mwaka wa kwanza wangeweza kupima maji ya mto Migori juu na chini ya machimbo, na kuhesabu ni miche mingapi ya Novemba 13 ambayo bado iko hai katika viwanja vya kanisa.